Nyuso za Wazee Wetu Katika Kitabu cha Speke

Mwaka 1861 Bwana Grant, mwenziwe Speke, alikaa miezi kadhaa katika nchi ya Ukuni, upande wa Kahama, kwa mkuu aitwaye Ukulima. Grant alijua kuchora, akawachora watu wa kwetu. Kitabu cha Speke kilipopigwa chapa mwaka 1863, humo ilitiwa picha ya Grant akicheza ngoma na Ukulima.

Lakini, wasomaji wapenzi, picha hizo hazikutoka moja kwa moja mkononi mwa Grant. Kule London mchoraji Zwecker alizichora upya, kisha mafundi wakazichonga katika mbao, ndipo zikapigwa chapa. Basi uso wa mzee wetu ulipita mikononi mwa watu watatu, na katika hao ni Grant peke yake aliyefika Ukuni.

Je, tuzitupe? Hasha! Tuzipime kama tumpimavyo shahidi aliyeambiwa na mwingine. Michoro ya Grant mwenyewe imewekwa Scotland, nayo yafaa kulinganishwa nazo. Ila wengi waliochorwa hawakuandikwa majina. Hiyo ndiyo hasara yetu. Basi tuwaulize wazee, tuandike majina ya babu zao, maana uso usio na jina huwa mgeni hata nyumbani kwao.