Testosteroni na Hamu ya Kujamiiana: Ushahidi wa Ghent Usomwe Upya

Mafundisho yaliyozoeleka ya tiba huichukulia testosteroni, yaani homoni itengenezwayo hasa na korodani, kuwa ndiyo chanzo cha ashiki kwa wanaume na wanawake, na kutokana na dai hilo hutolewa utabiri mwepesi kuhusu wanaotibiwa ili kubadili jinsia: wanaozimiwa testosteroni na kupewa estrojeni watapoteza hamu ya kujamiiana, ilhali wanaodungwa testosteroni watazidiwa nayo. Kwamba dawa hizo hubadili utendaji wa viungo hakuna anayebisha, kwa kuwa estrojeni na vizuia-androjeni, yaani dawa za kuzima testosteroni, hupunguza kusimama kwa uume na wingi wa shahawa, nayo testosteroni hukuza kinembe na huweza kuukausha uke. Kinachobishaniwa hapa ni kama hamu nayo hufuata mkondo uleule.

Utabiri huo ulielekea kuthibitishwa mwaka 2014, pale Katrien Wierckx na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walipoeleza kuwa asilimia 62.4 ya wanawake waliobadili jinsia, yaani waliohesabiwa kuwa wa kiume walipozaliwa, walisema hamu yao ilipungua baada ya matibabu, huku asilimia 71 ya wanaume waliobadili jinsia wakisema yao iliongezeka. Takwimu hizo zimenukuliwa sana, lakini wanaozinukuu ni nadra kutaja kwamba wahojiwa walitakiwa kukumbuka hali yao ya kabla ya matibabu, na kumbukumbu ya mtu kuhusu mwili ambao hakuutaka haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo.

Ndiyo maana utafiti wa mtandao wa kliniki za Ulaya ujulikanao kwa kifupi kama ENIGI, uliochapishwa na Justine Defreyne na wenzake mwaka 2020, unastahili uzito mkubwa zaidi. Humo hamu ilipimwa kabla ya homoni kuanza, kisha ikapimwa tena na tena, na ikatenganishwa hamu inayoelekea kwa mwenzi na ile ya kujiridhisha peke yake. Kwa wanawake waliobadili jinsia hamu zote mbili zilishuka katika miezi 3 ya mwanzo, kama vitabu vinavyotabiri. Lakini kufikia mwezi wa 36 hamu ya kuelekea kwa mwenzi ilikuwa imepanda kupita ilivyokuwa kabla ya matibabu, na ile ya peke yake imerudi ilipoanzia. Kwa wanaume waliobadili jinsia hamu ilipanda mwanzoni, kisha ile ya kuelekea kwa mwenzi ikarejea kiwango cha awali. Tiba ya kuzima testosteroni haikusudii kuirudisha kadiri miaka inavyopita. Kilichorudi ni hamu.

Wapinzani wataelekeza kidole kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ambao hamu yao hufifia testosteroni inapozimwa. Ulinganisho huo una kasoro, kwani wagonjwa hao wengi ni wazee, wanaugua, na wananyang'anywa kitu walichotaka kubaki nacho. Pingamizi zito zaidi ni kwamba katika ufuatiliaji mrefu baadhi ya watu huacha kurudi kliniki, na huenda walioacha ndio walioridhika kidogo. Hata hivyo, data za Wierckx mwenyewe zinaelekea upande uleule wa ENIGI: wanawake waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kutengenezewa uke walikuwa na hamu ya kujitokea yenyewe zaidi kuliko waliopanga kufanyiwa lakini walikuwa bado, na tatizo la hamu hafifu inayomsumbua mhusika lilipatikana kwa asilimia 22 tu ya wanawake waliobadili jinsia.

Haifuati kwamba testosteroni haina kazi, maana mshuko wa miezi ya mwanzo ni wa kweli. Yaelekea, hata hivyo, kwamba kuridhika na mwili na kupata mwenzi hutawala hamu ya muda mrefu kuliko homoni yenyewe, na daktari anayemwambia mgonjwa katika mwezi wa tatu kwamba hamu yake imekwisha anatoa hukumu ambayo vipimo vya mwezi wa 36, angalau kwa waliobaki kupimwa, haviiungi mkono.