Siri ya Mtungi Muulize Kata: Vitabu vya Chakula na Upishi katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Nakuru, Njoro na Molo ni maeneo ambayo kwa miaka mingi yamehesabiwa kuwa ghala la nafaka la Kenya. Njoro ndiko Lord Delamere alikofanyia majaribio yake ya ngano, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Hata hivyo, mhakiki anayetafuta maandishi ya upishi yanayohusu eneo hili hukumbana na kinyume cha mambo: walioandika juu ya chungu aghalabu hawakukiinjika, na walioushika mwiko hawakuandika. Makala haya yanapendekeza vitabu 7 vinavyofaa kusomwa kwa mfuatano. Baadhi yake vimetungwa nje ya Bonde la Ufa, lakini vyote vinalisaidia kulijibu swali moja: katika historia ya chakula, ni nani aliyepewa nafasi ya kusema?

Sauti ya Mwenyeji

Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Kitabu hiki ni cha pwani, wala hakina habari za Nakuru. Manufaa yake ni kutupatia kipimo. Katika miaka ileile ambapo reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa imekwisha kupenya Bonde la Ufa, Kiswahili kilikuwa tayari na nathari iliyoeleza karamu pamoja na adabu za mwenyeji na mgeni. Msemaji ni mtu wa ndani anayeieleza jamii yake. Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili hakikuwa na lugha ya kuandikia mambo ya chakula halina msingi. Swali ni lugha ipi iliyopandishwa bara pamoja na reli.

Sauti ya Amri

Jibu linapatikana katika The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kitabu kilichotungwa na chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, mwaka 1928, na kuchapishwa tena mara kadhaa. Kwa mama wa kilowezi aliyekuwa Njoro au Molo, mbali na maduka, kitabu hiki kilikuwa msaada mkubwa. Kwa mhakiki, sehemu inayovutia zaidi ni ile ya Kiswahili cha kumwelekezea mtumishi. Hapa Kiswahili kimebakishiwa kazi moja tu, nayo ni kuagiza.

Kisomwe sambamba na Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton (1936), kilichokusudiwa walowezi, askari, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Lugha inayofundishwa humo imerahisishwa kwa makusudi. Ni jambo la kuzingatia kwamba mama anayemfundisha bintiye kupika kwa Kiswahili hasemi "tia, koroga, ondoa". Husema, "utie chumvi kidogo, ukoroge, kisha uache kichemke." Dhamira tegemezi humchukulia msikilizaji kuwa mwanafunzi ambaye kesho atakuwa fundi. Amri tupu humchukulia kuwa mkono tu. Tofauti hii ya kisarufi ni tofauti ya kijamii, na haiwezi kuonekana na msomaji anayevidharau vitabu vya mapishi kwa kudhani kuwa si fasihi.

Sauti ya Mpishi

Mpishi anaanza kuchungulia katika Out of Africa cha Karen Blixen (1937). Shamba lake lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, ukingoni mwa Bonde. Kamante, mpishi wake, hakujua kusoma. Mapishi yote ya Kizungu aliyahifadhi kichwani. Blixen anaeleza kwamba kijana huyo alivipa vyakula majina ya matukio ya siku alipofundishwa kuvipika: mchuzi mmoja aliuita kwa radi iliyopiga mti, mwingine kwa farasi aliyekufa. Blixen analisimulia jambo hili kama kichekesho cha kupendeza. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataliona kwa jicho jingine. Jamii nyingi za Kenya zimeihesabu miaka na marika kwa matukio: njaa, nzige, vita. Kamante aliigeuza orodha ya vyakula vya bibi yake kuwa tarikhi.

Kwa sababu hiyo Longing for Darkness (1975) hakikosi kusomwa. Humo Kamante mwenyewe anasimulia, na wanawe wanaandika. Kasoro ipo: aliyekusanya na kupanga masimulizi hayo ni Peter Beard, mgeni. Hata hivyo, safari hii aliyekuwa mhusika amekuwa msimulizi.

Sauti ya Nakuru

Vitabu viwili vya mwisho vinaturudisha nyumbani. Traditional Food Plants of Kenya, cha Patrick Maundu na wenzake (1999), si kitabu cha mapishi. Ni kitabu cha mimea. Lakini kwa kuorodhesha majina ya mimea katika lugha za Kenya, kinarejesha mnavu na mgagani katika kumbukumbu iliyoandikwa, mboga ambazo vitabu vya walowezi havikuzijali. Pamoja nacho kuna One Day I Will Write About This Place (2011), tawasifu ya Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971 na kufariki mwaka 2019. Kabla ya kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, Wainaina alishughulika na upishi na uandishi wa vyakula mjini Cape Town. Ni mwana wa Nakuru aliyeshika mwiko na kalamu kwa mkono mmoja.

Hitimisho

Wainaina, hata hivyo, aliandika kwa Kiingereza, na pengo la Kiswahili lingalipo. Mursik ya Wakalenjin, inayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na asali ya Waogiek wa msitu wa Mau bado hukaa zaidi vinywani mwa wazee kuliko vitabuni. Wapishi waliozifahamu jikoni za walowezi wamebaki wachache mno. Chuo cha Egerton, Njoro, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, ni chuo kikuu tangu mwaka 1987. Kimesimama juu ya udongo uleule wa ngano. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada hana haja ya kwenda mbali. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata ingalipo, inayokawia ni kalamu.