Kahawa: Toka Mtini Hata Kikombeni

Vitu vingi tuvitumiavyo kila siku vina historia ndefu kuliko ya wafalme tunaowasoma vitabuni, walakini kwa kuwa tumevizoea hatuvitazami mara mbili. Kahawa ni kimoja cha vitu hivyo. Katika nchi yetu ya Kenya ziko sehemu ambazo ada za shule za watoto, na za baba zao kabla yao, zililipwa kwa fedha za kahawa; na hata hivyo katika nyumba nyingi za sehemu hizo kinywaji cha asubuhi ni chai. Mti twaujua, gunia twalijua, na bei yake twaizungumza. Kikombe ndicho kilicho kigeni kwetu. Basi katika insha hii nataka kueleza jinsi binadamu walivyojifunza, kwa muda wa miaka mia tano na zaidi, kukitengeneza kikombe hicho vizuri, na kwa nini sisi tulio na mti wenyewe tulichelewa kukinywa.

Tuanze na majina, kwani majina huhifadhi habari za safari. Neno kahawa tumelipata kwa Waarabu, ambao hukiita kinywaji hicho qahwa. Punje zake wao huziita bunn, nasi twasema buni, na mti wake twauita mbuni. Wahabeshi husema buna. Na haya si ajabu, maana kwao ndiko asili ya kahawa bora iitwayo arabika. Hata leo humea yenyewe chini ya kivuli cha misitu ya kusini magharibi mwa Uhabeshi, katika nchi kama Kaffa, na miti ya mwitu ya jinsi hiyo imeonekana pia katika msitu wa Mlima Marsabit, hapa Kenya. Iko hadithi mashuhuri ya mchungaji aitwaye Kaldi, aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu ya mti fulani. Hadithi hiyo ni tamu, lakini iliandikwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1671, wakati kahawa ilipokuwa imekwisha kunywewa Uarabuni kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwanafunzi wa historia na aifurahie, asiitegemee.

Wala si watu wote walioanza kwa kunywa. Wahaya wa Bukoba na Waganda, ambao nchi zao zina kahawa ya jinsi nyingine iitwayo robusta, tangu zamani waliichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni alipoingia nyumbani aliletewa buni kama ishara ya heshima, na watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu waligawana buni za tunda moja.

Kinywaji chenyewe twakisikia kwa hakika katika nchi ya Yemeni, katika karne ya 15. Masufi wa huko walikinywa usiku ili usingizi usiwazuie kufanya dhikiri. Kitu kilichowakesha kilikuja kujulikana baadaye sana: mwaka 1819 mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alikitenga kafeini kutoka katika buni. Toka Yemeni kahawa ilifika Maka na Cairo, na mara ugomvi ukazuka. Mwaka 1511 mkuu mmoja wa Maka, Kha'ir Beg, aliwaona watu wakinywa kahawa usiku karibu na msikiti, akashuku jambo, akawakusanya wanavyuoni, akaipiga marufuku. Haikupita muda mrefu ikaja amri kutoka kwa Sultani wa Cairo kulegeza marufuku hayo. Karibu na mwaka 1555 nyumba za kuuzia kahawa zilikuwa zimefunguliwa Istanbul, na mwaka 1652 London nayo ilipata yake ya kwanza. Watawala waliziogopa nyumba hizi, kwa sababu mtu anywaye kahawa huwa macho, na watu walio macho huzungumza habari za serikali.

Sasa tuutazame ufundi. Njia ya kale ni ile ambayo watu wengi huiita ya Kituruki. Buni hukaangwa, husagwa hata iwe laini kama unga, kisha hutiwa katika chombo kidogo chenye mkono mrefu pamoja na maji, ikapikwa mpaka povu lipande. Ndugu zetu wa pwani, kuanzia Lamu hata Unguja, wana njia iliyo jamaa ya hiyo. Kahawa hupikwa katika dele la shaba juu ya makaa, hutiwa tangawizi au iliki, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, chungu bila ya sukari, na pembeni pana kashata au tende za kuukata uchungu huo. Muuza kahawa hutembea na dele lake akigonganisha vikombe, na mlio wake watosha kuwa tangazo. Baraza ya kahawa imekuwa shule ya watu wazima: hapo habari husikilizwa, mashairi hupimwa, na ugomvi husuluhishwa.

Wazungu walipoipokea kahawa walikutana na taabu moja iliyowasumbua kwa muda mrefu, nayo ni taabu ya maji. Waliichemsha sana, na kahawa ichemkayo kwa muda mrefu hutoa ukali wote uliomo ndani yake na kupoteza harufu yake nzuri. Mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa walianza kuitia kahawa katika mfuko wa kitambaa na kuimwagia maji ya moto, badala ya kuipika. Njia hiyo iliboreshwa mwaka 1908 na mama mmoja wa mji wa Dresden, Ujerumani, jina lake Melitta Bentz. Alikuwa amechoka na masimbi yaliyobaki kikombeni. Akachukua chombo cha shaba, akakitoboa matundu chini, akakata karatasi ya kukaushia wino katika daftari la shule la mwanawe, akaitandaza ndani, akatia kahawa na kumimina maji. Kikombe kilitoka safi. Akapata hataza ya chombo chake mwaka huo huo, akafungua biashara. Jambo hili lililotokea jikoni kwa msaada wa daftari la mtoto wa shule limebadili vikombe vya dunia nzima.

Waitalia, kwa upande wao, walitafuta haraka. Walitaka kahawa ipikwayo kwa ajili ya mtu mmoja, hapo hapo anapoitaka, na ndiyo maana wakaiita espreso. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya kupika kahawa kwa mvuke. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan aliibadili ikaweza kutoa kikombe kimoja kimoja, na Desiderio Pavoni akaieneza. Mashine hizo zilikuwa na kasoro. Mvuke uliofungiwa husukuma maji kwa nguvu, lakini kwa kadiri nguvu inavyozidi ndivyo na moto unavyozidi, hata maji yakapita digrii 100 na kuiunguza kahawa. Ilipasa kutenganisha nguvu na moto. Achille Gaggia wa Milan ndiye aliyefaulu: badala ya mvuke alitumia mkono wa chuma na springi, na mwaka 1948 mashine zake zikaanza kuuzwa. Maji yalipita katika kahawa kwa msukumo upatao mara nane au tisa ya ule wa hewa ituzungukayo, na juu ya kikombe likatokea povu zito la rangi ya hudhurungi, ambalo halikuwa limeonekana katika espreso hapo kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilileta mashine yenye pampu ya umeme, na mkono wa mpishi ukapumzika. Kwa watu wa nyumbani, Alfonso Bialetti alikuwa ametoa tangu mwaka 1933 birika dogo la alumini liitwalo moka, ambalo hupandisha maji kwa mvuke juu ya jiko la kawaida. Msukumo wake ni mdogo kuliko wa mashine, lakini kahawa yake ni nzito na nzuri.

Tukirudi kwetu, twakuta historia ya namna nyingine. Mwaka 1893 wapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misheni ya Bura, huko Taita. Kisha ikafika Nairobi, na walowezi wakaifanya kuwa mali yao katika mashamba makubwa ya Kiambu, Ruiru na Thika. Mwafrika wa Kenya alipalilia kahawa hiyo, akaichuma, akaibeba, lakini hata miaka ya 1930 hakuruhusiwa kuipanda katika shamba lake mwenyewe. Sababu zilizotangazwa zilikuwa hizi: kwamba magonjwa ya mimea yataenea, kwamba wezi watapata pa kuficha kahawa, na kwamba sifa ya kahawa ya Kenya itaharibika. Sababu nyingine haikutangazwa kwa sauti kubwa: mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kulima ya mwingine kwa mshahara mdogo. Uwongo wa zile sababu za kwanza ulikuwa ukionekana ng'ambo ya mpaka. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaunda chama cha ushirika kilichokuja kupata sifa kubwa.

Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu waliruhusiwa kwa masharti makali na kwa idadi ndogo ya miti. Mlango ulifunguliwa wazi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na kufikia uhuru, mwaka 1963, wakulima wadogo walikuwa maelfu kwa maelfu. Walakini mafunzo waliyopewa yalikuwa ya shambani: kupogoa, kupiga dawa, kuchuma matunda mekundu peke yake. Matunda yalipelekwa kiwandani, yakamenywa, yakaoshwa, yakaanikwa mezani. Kisha buni ikaenda mnadani Nairobi, na kukaangwa ng'ambo. Mkulima aliachana na kahawa yake kabla haijapata harufu. Aliyekula jasho lake kwa miaka arobaini aweza kuwa hajaonja hata siku moja tunda la kazi yake likiwa limepikwa ipasavyo. Hilo ndilo deni ambalo historia imetuachia, nalo ni dogo kulipika.

Naam, ni dogo, kwa maana kahawa nzuri haihitaji mashine ya thamani. Yahitaji mambo manne, na yote tumekwisha kuyaona katika safari hii. La kwanza ni buni iliyokaangwa karibuni. Mwenye buni mbichi aweza kuikaanga katika kikaango kizito juu ya moto wa wastani, akiikoroga bila kukoma. Itageuka manjano, kisha hudhurungi, kisha italia kama bisi. Muda mfupi baada ya mlio huo na iepuliwe, ipepetwe ipoe, ikae siku moja kabla ya kutumiwa. La pili ni kusaga wakati wa kupika, maana unga wa kahawa hupoteza harufu upesi. Kinu cha mkono chafaa, na kinu cha kutwangia chafaa pia kwa mtu mwenye subira. Unga mnene mno hutoa kahawa nyepesi na kali ya uchachu. Laini mno hutoa uchungu. La tatu ni kipimo: gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani yapata vijiko vitatu vya mezani kwa robo lita.

La nne ni maji, na hapa wanafunzi wa sayansi watanielewa. Maji yafaayo kahawa ni ya digrii 90 hadi 96 hivi. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, basi mpishi wa huko hana budi kungoja kidogo baada ya kuyaepua. Nairobi na Nyeri, kwa ajili ya urefu wa nchi, huchemka karibu na digrii 94. Mpishi wa huko na amimine mara moja. Tia kahawa katika kitambaa safi kilichotandazwa juu ya chombo, mwagia maji kidogo, ngoja nusu dakika mpaka mapovu yatulie, kisha mimina maji yaliyobaki polepole. Dakika tatu au nne zatosha. Kitambaa na kioshwe kwa maji matupu, kisije kikaleta ladha ya sabuni.

Atakayekionja kikombe hicho mara ya kwanza bila sukari atashangaa, kwa maana kahawa ya milima yetu ina uchachu mwororo na utamu kama wa matunda, ambao wanunuzi wa ng'ambo huutafuta kwa bei kubwa. Basi kijana ambaye wazazi wake wana mibuni na aombe konzi mbili tatu za buni iliyo safi, aikaange, aisage, aipike kama nilivyoeleza, kisha ampelekee babu au bibi yake kikombe cha kwanza. Huyo ndiye aliyengoja muda mrefu kuliko wote.