Susa

Susa ni kitenzi cha kinyongo kinachoonyeshwa kwa kuacha: mtu ameudhika, pengine hasemi neno, ila anakiacha kitu ambacho kilikuwa fungu lake. Mfano wa kila siku ni chakula. Mtoto aliyepewa mnofu mdogo kuliko wa nduguye anasukuma sahani na kugeukia ukutani. Hapo husemwa "kasusa". Kukataa peke yake si kususa, maana aliyeshiba naye hukataa. Kununa nako hakutoshi, kwani anayenuna anaweza kula huku amekunja uso. Anayesusa huacha haki yake akitaraji kwamba kuacha huko kutamuuma mwingine. Ndiyo maana mahabusu anayedai kesi yake isikilizwe hugoma kula, lakini mume aliyeudhiwa hususa chakula: wa kwanza ana dai la kujadiliwa, wa pili anangoja abembelezwe.

Kauli ya kutendea, susia, imelifikisha neno mbali. Kumsusia mtu kitu ni kumwachia kwa hasira: mke aliyeachika humsusia mume watoto, na ndugu wasioridhika na maelezo ya kifo huisusia hospitali maiti. Magazeti nayo yamelizoea katika siasa na michezo. Chama cha CUF kilisusia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa Machi 20, 2016, baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa. Kenya ilisusia Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tanzania ilikwenda, na wanariadha wake Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Huenda mtu akapinga kwamba uamuzi wa chama au serikali hupigiwa hesabu vikaoni, hauna uchungu wa mtoto na sahani. Ni kweli, hasira imepungua. Lakini sharti kwamba kinachoachwa kiwe haki ya anayekiacha halikuondoka. Chama kilichozuiwa kugombea hakikususia, kimeenguliwa. Tena, wenye kuwabeza wanaosusia kura huwarudisha palepale kwenye sinia: "Ukisusa, wenzio wala." Kejeli hiyo isingekuwa na makali kama neno lingekuwa limekwisha kusahau chakula. Kwa hiyo kuandika kwamba timu iliyofungiwa, isiyo na fungu la kuacha, "imesusia" mashindano ni kulitumia neno visivyo.