Gari Kuondoka: Kutoka Safari Rally Mpaka Mchanga wa Mute

Wiki hii vijana wamebishana sana hapa kambini. Gari ya gia za mkono, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ukiwa umesimama unaiondoaje haraka? Wengi walisema: "Kanyaga mafuta mpaka chini, achia klachi, basi." Sisi tuliotoka Mute tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Jibu hilo tulishaliona likijaribiwa.

Ilikuwa Desemba 2020, vita vilipofika Mute. Tulipanda Land Cruiser kuukuu ya kukodi, watu juu ya mizigo na mizigo juu ya watu, kwenye njia ya mchanga ya kutokea mashambani. Dereva akaingiza 4x4, akapiga resi, akaachia klachi ghafla. Gari ikanguruma, ikabaki palepale. Akarudia, akarudia tena. Mara ya tatu mchanga ulikuwa umefika kwenye ekseli na klachi ilikuwa inanuka. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya mbao akashuka, akainama kuangalia magurudumu ya mbele. Akasema, "Mwanangu, haya hayazunguki kabisa."

Kumbe gari za zamani za aina ile, kuingiza 4x4 ndani hakutoshi. Lazima mtu ashuke, azungushe kwa mkono vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Bila hivyo unasukumwa na ya nyuma tu. Mzee akazungusha. Tukafukua mchanga kwa mikono na sahani, tairi zikapunguzwa upepo. Dereva akaweka gia ya pili, akaachia klachi kwa utulivu, tukaondoka. Kazi yote ilichukua karibu nusu saa. Waliokuwepo siku ile wanajua nusu saa ilikuwa na maana gani.

Ndiyo maana tukaamua kutafuta historia ya jambo hili, tukaikuta iko jirani kuliko tulivyodhani.

Zamani gari ya magurudumu manne ilikuwa ya jeshi na shamba. Jeep za Wamarekani ziliingia vitani tangu 1941, Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na Toyota ikaanza ukoo wa Land Cruiser mwaka 1951. Kazi ya magari hayo ilikuwa kufika, si kuwahi. Watu wa mbio walitaka gari nyepesi inayosukumwa na magurudumu mawili.

Mambo yalibadilika kwenye theluji. Mwaka 1977 mafundi wa Audi walikuwa Finland wakijaribu magari. Walikuwa na Volkswagen Iltis, gari ya jeshi yenye nguvu za farasi 75 tu. Injinia Jörg Bensinger akaona kigari hicho kinayaacha magari yenye nguvu zaidi. Machi 1980 Audi Quattro ikaonyeshwa Geneva. Mwaka 1981 ikaingia mashindano ya dunia, na mwaka huohuo Michèle Mouton wa Ufaransa akashinda nayo Sanremo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali.

Siri yake ni nini? Gari ya magurudumu mawili ukiiachia klachi kwa nguvu, tairi zinateleza. Unapoteza muda, lakini kule kuteleza kunaipunguzia klachi mzigo. Gari ya magurudumu manne nguvu inagawanyika, kila tairi inapata sehemu yake, kwa hiyo zote zinashika. Zikishika vizuri, kitu kingine lazima kikubali: ama injini inazima, ama klachi inaungua, ama kitu kinakatika kule chini. Kwa hiyo dereva wa mbio hupandisha resi mpaka pale injini ina nguvu, zaidi kidogo ikiwa ina turbo. Anainua klachi haraka mpaka inapoanza kushika, anaishikilia hapo kufumba na kufumbua, gari ikianza kwenda anaachia iliyobaki. Mguu wa mafuta hautoki. Akikaa kwenye nusu klachi anaiunguza. Akiachia yote kwa mkupuo, injini inakosa pumzi.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miongoni mwa madereva walioshinda mara nyingi zaidi yumo Shekhar Mehta, mara tano. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilikimbilia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, Mehta akashinda Safari akiwa na Datsun 240Z. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo. Tulipolisoma hili tulilirudia mara mbili. Aliyefukuzwa kwao, ndani ya mwaka mmoja yuko mbele ya wote. Tusijidanganye, familia yake ilikuwa na uwezo, haikuanzia hemani kama sisi. Lakini kufukuzwa ni kufukuzwa.

Na zote tano alishinda kwa gari ya magurudumu mawili.

Mwaka 1983 Quattro zilikuja Safari, zikashika nafasi ya pili na Hannu Mikkola, ya tatu na Mouton. Mshindi alikuwa Ari Vatanen na Opel inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, nayo ya magurudumu ya nyuma. Quattro ilikwishatawala theluji ya Ulaya, kwa nini hapa ikashindwa? Kwa sababu Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita za matope, vumbi na mawe. Sekunde mbili ulizopata wakati wa kuondoka hazikusaidii kitu gari ikikufia kesho yake porini. Toyota walileta gari rahisi, imara, na mafundi waliojipanga njiani.

Magurudumu manne yalishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1987, Mikkola akiwa na Audi 200 Quattro. Kuanzia hapo mpaka 2002, Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia, kila mshindi alikuwa na gari ya namna hiyo. Mwaka 1994 alikuwa Mkenya, Ian Duncan, na Toyota Celica, na Patrick Njiru akashika nafasi ya nne na Subaru Impreza. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021, kambi yake ikiwa Naivasha. Miezi mitatu kabla, Machi 24, Palma ilikuwa imeshambuliwa, na watu wetu walikuwa bado njiani.

Basi tunawajibu hivi vijana wenzetu. Kuondoka haraka si ugomvi kati ya mguu na injini. Kwanza jua gari yako. Kama ni ndogo ya turbo, inataka resi. Kama ni Land Cruiser ya dizeli kama hizi za mashirika, nguvu yake iko chini, resi nyingi ni kelele tu. Pili jua unakanyaga nini. Kwenye lami tairi zinashika, linda klachi. Kwenye mchanga mkavu tairi inayoteleza inachimba kaburi la gari, kwa hiyo punguza upepo, tumia gia ya pili au gia nzito ya 4x4, uondoke kwa ulaini. Ukishatoka, usisimame mpaka ardhi ngumu, na ukifika jaza upepo.

Na kaka na dada zetu wa mashirika, tuna ombi dogo. Kabla msafara haujatoka, mtu ashuke aangalie vifungio vya magurudumu ya mbele. Ni dakika moja tu, nayo ifanyike mapema, wakati hakuna anayepiga kelele.

Yule dereva wetu wa Mute bado anaendesha. Akifika sehemu ya mchanga hasubiri kuambiwa. Anasimama, anashuka, anazungusha upande huu, anazunguka gari, anazungusha na ule. Abiria wapya huwa wanalalamika kwamba anachelewesha. Sisi tunakaa kimya, tunamsubiri.