Taa ya udongo kutoka Yerusalemu

Leo wafalme na vita tuviweke pembeni kidogo, tuongelee taa. Zile za udongo, za mafuta ya zeituni, za Palestina ya kale.

Kuanzia kama mwaka 2000 KK taa ilikuwa kisahani tu. Mfinyanzi anabana ukingo mahali pamoja udongo ukiwa mbichi, panatokea mdomo wa kulaza utambi, kwisha kazi. Mafuta yanapanda yenyewe kama kwenye kibatari. Ubaya wake, iko wazi, ukiisukuma kidogo tu mafuta chini. Ndiyo maana baadaye zikaja za kufunikwa juu, zenye tundu la kumiminia mafuta.

Mwishoni mwa karne ya 1 KK ikatokea taa inayoitwa ya Kiherode. Tumbo lilifinyangwa kwenye gurudumu, mdomo ukatengenezwa kwa mkono, ukabandikwa, kisha ukachongwa kwa kisu. Mapambo hakuna, au vimstari viwili vitatu. Wakati huohuo taa za Kirumi za kalibu zilikuwa zimejaa picha za miungu na wapiganaji.

Sasa utamu unakuja hapa. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kupima udongo wa taa hizi za Kiherode. Katika miji ya Kiyahudi ya kaskazini, kama Sepphoris na Gamla, nyingi zilitoka eneo la Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100! Lakini Dor na Scythopolis, ambako wengi hawakuwa Wayahudi, nyingi zilikuwa za udongo wa jirani.

Na msiseme Galilaya ilikosa wafinyanzi. Kijiji cha Kefar Hananya kiliuza vyungu vya kupikia Galilaya nzima. Yaani chungu mtu ananunua cha jirani, ila taa anataka ya Yerusalemu. Kwa nini? Mimi naona jibu ni hekalu. Uko mbali na mji mtakatifu, lakini mwanga wa nyumbani kwako jioni umetoka huko.

Gamla ilianguka mikononi mwa Warumi mwaka 67 BK, hekalu likachomwa mwaka 70. Habari za vita hivyo aliziandika Josephus, aliyekuwa jemadari. Mama wa Gamla aliyejaza mafuta kila jioni hakuandika hata mstari mmoja, ila taa yake imetuambia moyo wake ulikuwa wapi.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, tukienda kufundisha tusiishie kwenye majina ya watawala. Vigae navyo ni ushahidi. Mnasemaje wadau?