Tumbili wa Gitaru na stima ya Kinoru

Jumanne ya tarehe 7 Juni 2016, kabla ya adhuhuri, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana upande wa Embu, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ikaelemewa ghafla, nayo ikazimika, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikakosa stima. Kwingine ilichukua zaidi ya saa tatu kurudi. Tumbili mwenyewe alitoka mzima, akachukuliwa na maafisa wa wanyamapori.

Enzi za mababu, kinyozi wa Kinoru, mjini Meru, asingezimikiwa na mashine kwa sababu ya mnyama aliye mbali kiasi hicho. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta ya Sultani wa Zanzibar akaivusha hadi Mombasa. Nairobi nayo ilikuwa na kampuni yake. Mtambo wa Nairobi ukikwama, Mombasa haikuwa na habari. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922, lakini nyaya zilichukua miaka mingi zaidi kukutana.

Kisha mto Tana ukaingia kwa kishindo. Kindaruma ilianza mwaka 1968, ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988: maji yaleyale yakizungusha tabo za vituo vitano kwa zamu. Meru hupata sehemu ya stima yake kwa laini ya kilovolti 132 itokayo Kamburu.

Hadi hapo wauzaji hawakuwa wengi. Mageuzi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyovunja ukuta: uzalishaji ukatengwa na usambazaji, KenGen ya uzalishaji ikasimama peke yake, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kuzalisha. Iberafrica ikaja na mitambo ya dizeli, OrPower 4 na mvuke wa Olkaria, na baadaye Turkana ikaleta upepo wa megawati 310. Wote hawa wanamwaga stima yao katika nyaya zilezile.

Nani basi anajua stima ya nani imefika Kinoru? Hakuna. Mkulima wa chai wa Imenti, hapo Meru, anaielewa hali hii kuliko mhandisi. Kwenye kituo cha kununulia chai, karani hupima majani ya kila mtu na kuandika kilo zake. Kisha yote hutupwa kwenye lori moja. Kikombeni huwezi kusema jani hili ni la jirani, ila malipo hayakosei, kwa kuwa mizani ilisoma kabla ya kuchanganya. Kila kituo cha umeme kina mita yake mlangoni. Tofauti ni kwamba majani husubiri lori, lakini stima haisubiri: wahudumu wa kituo cha udhibiti Nairobi huamua dakika kwa dakika nani aongeze na nani apunguze, ili mapigo ya gridi yasitoke kwenye hezi 50. Gitaru ilipotoweka ghafla, hapakuwa na nafasi ya kuamua.

Hata kiwanda cha chai cha Imenti kimo sokoni. Kina mtambo mdogo wa maji usiofika megawati moja, na ziada yake huiuzia Kenya Power, msambazaji wa umeme. Kiwanda hicho na KenGen, jitu la nchi, wanatumia barabara moja.

Ila ushindani wetu unaishia kwa mnunuzi. Uingereza, tangu mwisho wa miaka ya 1990, mwenye nyumba huchagua kampuni ya kumuuzia umeme bila nguzo hata moja kuhamishwa. Kinachobadilika ni daftari. Kwetu Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa wauzaji wengine wa rejareja, lakini kinyozi wa Kinoru bado hununua tokeni kwenye dirisha lilelile la Kenya Power.

Umati wa wazalishaji huuona kwenye makato ya tokeni hiyo. Gharama ya mafuta ni ya mitambo ya dizeli. Marekebisho ya fedha za kigeni yapo kwa sababu baadhi ya mikataba hulipwa kwa dola, hata kama yeye hunyoa kwa shilingi. Na kuna tozo ya maji, senti kidogo mno kwa kila yuniti, ya mito kama ule aliouona tumbili kutoka paani.